Nesi Aliyevikwa Shada Lisilo Lake

"Mgeni mwulize neno kabla ya jina." Hivyo ndivyo wasemavyo watu wa Kwembago, na hivyo ndivyo Bi Kihiyo alivyowaambia vijana waliokuwa wakipamba ukumbi kwa ajili ya mahafali yao. Mtu mmoja alikuwa amefika mlangoni akihema, nao wakamzuia wakimhoji: ni nani, ametoka wapi, amealikwa na nani, ni mzazi wa mwanafunzi yupi. Alipokwisha kujibu yote kwa adabu ndipo akapata nafasi ya kuwaambia kwamba sufuria lao la pilau, huko nyuma ya ukumbi, lilikuwa linaungua. Vijana wakacheka huku wakikimbilia ndoo za maji. Bi Kihiyo, aliyekuwa akishona mapazia ya jukwaa, hakucheka. Alisema maneno yale tu, akaendelea kushona.

Waliporudi wakamwuliza methali hiyo imetoka wapi, maana vitabuni hawakuwahi kuiona. Bibi akachomeka sindano kwenye kitambaa, akawaambia haikutoka mbali, ilizaliwa ndani ya ukumbi uleule waliosimama. Akawaambia wakae. Kisha akawasimulia jinsi methali hii ilivyoanza, nayo ilianza hivi.

Zamani kidogo, kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu, mji wa Kwembago ulikuwa na chama cha watu wa kujitolea kilichoitwa Klabu ya Hisani. Wanachama wake walikuwa watu wa kawaida waliojiweza kiasi: walimu, mafundi, wenye maduka, bwana shamba, na mama mmoja mwenye mashine ya kusaga. Walikutana kila Alhamisi alasiri katika ukumbi wa ushirika. Hawakuwa watu wa maneno matupu. Banda la wauza mboga pale sokoni walilijenga wao. Vitanda vya wodi ya wazazi walivinunua wao. Na zaidi ya yote hayo, walitoa damu.

Hospitali ya Kwembago ilikuwa ndogo, haikuwa na mahali pa kuhifadhi damu. Mgonjwa akihitaji, alitafutwa mtu mzima mwenye afya, akalazwa kitanda cha jirani, akatolewa palepale. Wanaklabu wote walikuwa wamepimwa, na kila mmoja alilijua kundi lake la damu kama alivyolijua jina la baba yake. Wakaanza hata kulitaja walipojitambulisha. Mahali pengine mtu husimama akasema jina na kazi. Mwanaklabu wa Hisani alisimama akasema jina, kazi na damu. Wageni walistaajabu, na wenyewe walipenda wageni wastaajabu.

Maana jambo jingine walilolipenda sana lilikuwa wageni. Kila Alhamisi alialikwa mtu kuja kuzungumza nao. Alikuja bwana misitu akaeleza jinsi mikaratusi inavyokausha chemchemi. Alikuja mfuga nyuki, akaja mtu wa benki, akaja hata refa mstaafu aliyewasimulia kwa huzuni penalti aliyoikataa akiwa kijana. Kila mgeni alipokewa kwa heshima: shada la maua shingoni, kiti cha meza kuu, soda na sahani ya karanga. Na ilikuwapo kanuni moja isiyovunjwa, kwamba mgeni hasemi kabla hajatambulishwa. Kanuni hiyo ilitungwa baada ya mwuza mbolea mmoja kuanza hotuba yake tangu mlangoni. Ulipofika wakati wa kumkaribisha rasmi alikuwa hana tena la kusema. Akasimama, akasema, "Kama nilivyokwisha kueleza," akaketi. Watu walicheka wiki nzima, isipokuwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Shekigenda, mkuu wa shule mstaafu. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti nzito na mwendo wa taratibu, na nusu ya wanaklabu walikuwa wamepita mikononi mwake darasani. Mtu aliyewahi kufundishwa na Mwalimu Shekigenda, hata awe ameota mvi, hakuthubutu kumkatiza.

Sasa, Alhamisi moja wakati wa masika, Nesi Eliwaza Mbwambo alikuwa zamu katika wodi ya wazazi. Alikuwa amehamia Kwembago karibuni tu kutoka Upare, na bado alikuwa akiuliza njia ya kwenda sokoni. Mchana ule mwanamke mmoja kijana, Mwantumu, aliyekuwa akiuza nyanya langoni pa soko, alijifungua mtoto wake wa kwanza, msichana. Alifurahi, akaomba chai. Kabla chai haijapoa akasema anasikia baridi. Eliwaza akafunua shuka, akaona.

Daktari Lukindo alikuja mbio. Sindano zikapigwa, tumbo likakandwa, lakini damu haikukoma. Mwantumu alikuwa na damu ya kundi O, na mwenye O hapokei ila kutoka kwa O mwenzake. Simu ya hospitali ilikuwa imekatika tangu mvua zianze, na gari lilikuwa limeteremka bondeni kuleta mgonjwa mwingine. Daktari, bila kuiondoa mikono yake juu ya tumbo la mgonjwa, akamwambia Eliwaza kwamba leo ni Alhamisi, watu wa Hisani wako ukumbini, aende akawalete wenye O.

"Usirudi peke yako," akamwambia.

Eliwaza akakimbia. Kutoka hospitali hadi ukumbini ni mlima mtupu, na tope jekundu lilimshika viatu kana kwamba lilitaka abaki. Mvua ilikuwa nyepesi, ile ya milimani isiyonyesha wala isiyoacha. Alipofika juu alikuwa hana pumzi, na sare yake nyeupe ilikuwa imelowa hadi magotini.

Mlangoni alisimama Bwana Mhando, fundi cherehani, mtu mchangamfu aliyepewa kazi ya kupokea wageni kwa sababu hakuwahi kukosa la kusema. Alipomwona mwanamke mwenye sare ya uuguzi anapanda ngazi, uso ukamng'aa.

"Pole na safari, dada," akasema. "Tumekungoja mpaka tumeanza kukata tamaa."

"Nimetoka hospitali," Eliwaza akasema, akitafuta pumzi. "Tunataka..."

"Tunajua, dada yangu, tunajua yote. Watu wako tayari. Hayo utayasema ndani."

Akamshika mkono. Naye Eliwaza, aliyekuwa amebeba maneno yale mlima mzima, alihisi mzigo unamtoka mabegani. Alidhani simu imepona, daktari amepiga, na ujumbe umemtangulia. Wanajua. Wako tayari.

Lakini hawakujua chochote. Siku ile klabu ilikuwa imemwalika mtaalamu wa lishe kutoka Tanga, mama mmoja wa idara ya afya, aje azungumze juu ya vyakula vya watoto. Hakuna aliyemjua kwa sura. Wakati ule basi lake lilikuwa limekwama kwenye tope chini kabisa ya mlima, naye alikuwa amesimama kando ya barabara na abiria wenzake, akitazama wanaume wakisukuma.

Ukumbi mzima ulisimama Eliwaza alipoingia. Akavikwa shada la maua mekundu, mazito kwa maji ya mvua. Akaketishwa meza kuu, soda ikafunguliwa. Alidhani ndiyo desturi ya mji huu kwa mtu anayekuja kuomba damu, na ingawa aliona wanapoteza muda, alijiambia wenyeji wana namna yao na hakupenda kuonekana mkosa adabu. Akamgeukia mzee aliyeketi kando yake.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, kwa kuwa alimsikia kila mtu akimwita hivyo. "Naomba tufanye haraka."

"Marahaba, binti yangu." Mwalimu Shekigenda akamgusa mkono kwa upole. "Usiwe na wasiwasi, muda tunao. Hapa kwetu mgeni hasemi kabla hajatambulishwa. Tutaanza sisi."

Akagonga meza. Wa kwanza kusimama alikuwa fundi cherehani.

"Naitwa Mhando," akasema. "Nashona suruali na visingizio vya kuchelewesha suruali. Damu yangu ni O."

Watu wakacheka. Eliwaza alishusha pumzi. Kumbe hii ndiyo njia yao, akafikiri. Wanajitaja mmoja mmoja ili wenye damu inayotakiwa wajulikane, kisha watoke. Akamkazia macho fundi asimpotee. Bwana shamba akasimama, akasema ni B, Eliwaza akamwacha. Akasimama Bi Senkoro, mama mnene mwenye mashine ya kusaga, unga ungali kwenye nyusi zake, akasema ni O. Eliwaza akamshika moyoni. Mwenye duka la vifaa vya shule alisema ni A na akaeleza kirefu jinsi biashara ilivyo ngumu. Yule aliyemfuata, aliyeketi karibu na dirisha, alikuwa O. Waliomfuata walitaja A na B, na kila mmoja alikuwa na mzaha wake, na kila mzaha ulikuwa na watu wa kuucheka.

Lakini waliotaja O hawakutoka. Walisema, wakaketi. Mhando alikuwa anatafuna karanga.

Kidogo kidogo hofu ikaanza kumpanda Eliwaza kutoka miguuni. Alijiambia wanangoja hesabu ikamilike. Alijiambia mwenyekiti atatoa amri. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Alisema yeye ni Shekigenda, mwalimu, damu O, ingawa siku hizi imechanganyika mno na chai. Kicheko kikaenda kikarudi. Eliwaza akamwinamia.

"Mwalimu, waliotaja O waende sasa," akanong'ona.

Mzee akatabasamu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hayo ya makundi ya damu atayafafanua vizuri atakaposimama. Kisha akavaa miwani, akanyanyua karatasi.

"Ndugu zangu," akaanza, "mgeni wetu alizaliwa Muheza."

Eliwaza hakuwahi kukanyaga Muheza. Alidhani amesikia vibaya. Sauti nzito ikaendelea, taratibu, kama gari la ng'ombe: mgeni wetu alisoma wapi, akafunga ndoa na nani, ni mama wa watoto wanne, amefanya kazi ya lishe katika wilaya kadhaa. Eliwaza hakuwa na mume wala mtoto. Hapo ndipo baridi ilipomwingia, ile aliyoitaja Mwantumu. Hawamsemi yeye. Hawakujua lolote. Tangu alipopita mlango ule hakuna mtu hata mmoja ndani ya ukumbi aliyejua kwamba kule chini ya mlima kuna mama anayekwisha.

Akasimama.

"Bado, mgeni wetu," mwenyekiti akasema bila kuinua macho kwenye karatasi. Watu wakacheka kwa upole, kama wanavyomcheka mtoto anayetaka kukata keki kabla ya wimbo.

Na Eliwaza akaketi.

Aliketi kwa sababu miguu yake ilifundishwa kuketi. Alikuwa amelelewa na shangazi yake, na katika nyumba ya shangazi mtoto aliyemkatiza mkubwa alikula wa mwisho, naye alikuwa amekula wa mwisho mara nyingi mpaka akajifunza. Watu wazima wote wale, mzee wa makamo ya babu yake, yeye mgeni asiyejulikana. Alitazama chini kwa aibu. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani. Mvua ilikuwa imeiosha, lakini chini ya kucha haikufika, na pale chini ya kucha ilikuwapo damu ya Mwantumu, imeanza kuwa nyeusi.

Akasimama tena, na safari hii alishika ukingo wa meza.

"Mwalimu, mimi siye."

Mwenyekiti akanyamaza. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho mtu kumnyamazisha. "Siye nani, binti yangu?"

"Siye huyo unayemsoma."

Mnong'ono ukapita ukumbini. Mwalimu Shekigenda akavua miwani. Hakukasirika, alikuwa amechanganyikiwa, na mtu wa taratibu akichanganyikiwa hurudia taratibu. "Basi tuambie kwanza wewe ni nani," akasema. "Jina lako nani?"

"Jina langu halitamsaidia mtu," Eliwaza akasema. "Kuna mama hospitali anatokwa na damu. Tangu mlipoanza kujitaja anatokwa na damu. Namtaka fundi. Namtaka mama mwenye mashine. Namtaka yule wa pale dirishani."

Mtu mmoja huko nyuma akapiga makofi.

"Haya sasa," akasema kwa furaha. "Huo ndio mwanzo wa hotuba."

Wengine wakamfuata, makofi yakaenea. Hawakuwa watu wabaya. Mwaka uliopita mtu wa zimamoto aliwahi kuingia akipiga kelele za moto, wakakanyagana kutoka nje, kumbe ndivyo alivyopenda kuanza. Walikuwa wamejiapiza hawatadanganyika mara ya pili. Mhando alikuwa akipiga makofi kuliko wote, akimtazama mgeni wake kwa fahari.

Eliwaza alitamani kupiga ukelele, lakini aliona ukelele nao wangeupigia makofi. Akavua shada, akaliweka juu ya sahani ya karanga. Akangoja. Makofi yalipopungua alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema na mmoja.

"Anaitwa Mwantumu. Anauza nyanya langoni pa soko. Amezaa mtoto wa kike leo mchana, na bado hajamnyonyesha."

Bi Senkoro akainuka. "Mwantumu huyu wa nyanya?"

"Ndiye."

"Alipita kwangu alfajiri ameshika kiuno, anakwenda hospitali kwa miguu. Nikamtania kwamba ameiba boga." Alikuwa ameshavua viatu. "Mhando, inuka. Karanga utazikuta."

Kilichofuata hakikuwa na itifaki. Viti vilianguka. Wenye O walitoka wakikimbia, na wasio na O walikimbia pia, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukaa. Mhando aliteleza mteremkoni, akaburuzika kwenye tope, akainuka, akaendelea bila kiatu kimoja. Bi Senkoro, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikuwa mbele ya wote. Eliwaza alikuwa sambamba naye, na njia nzima aliogopa jambo moja: kwamba atafungua mlango wa wodi na kumkuta daktari ananawa mikono.

Daktari hakuwa ananawa. Alikuwa palepale alipomwacha, mikono palepale, jasho likimtiririka. Midomo ya Mwantumu ilikuwa na rangi ya unga wa muhogo. Hakuwa akijibu akiitwa.

Bi Senkoro alilazwa wa kwanza, akafuatiwa na Mhando, kisha yule wa dirishani. Mwalimu Shekigenda alifika wa mwisho, akiegemea mkongojo, akaanza kukunja mkono wa shati. Daktari akamtazama mara moja, akatikisa kichwa. Umri wake ulikuwa umepita. Mzee akaushusha mkono wa shati, akaufunga kifungo chake, akaenda kuketi kwenye benchi la korido.

Walimwingiza Mwantumu chumba cha upasuaji. Wanaklabu wakajaa korido, wengine wamesimama, wengine wamechuchumaa ukutani. Mtoto alilia mahali fulani, akapewa maziwa, akanyamaza. Mtu wa duka aliuliza kama ni kawaida kuchukua muda mrefu hivyo. Taa zikawashwa.

Daktari Lukindo alipotoka, aliwaambia kwamba mama ataishi. Watu wakamshukuru Mungu, kila mmoja kwa namna ya dini yake, na Mhando, aliyekuwa bado amepauka kwa kutoa damu, alilia waziwazi. Kisha daktari akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba amelazimika kukitoa kizazi. Yule msichana aliyezaliwa leo ndiye mtoto wake wa kwanza na wa mwisho.

Eliwaza alimfuata hadi kwenye sinki. Alimwuliza ingekuwaje kama damu ingefika mapema, wakati uleule alipofika yeye ukumbini.

"Usiniulize hilo," daktari akasema.

Akamwuliza tena.

Daktari alinawa muda mrefu. "Pengine nisingekitoa," akasema. "Siwezi kuapa. Lakini pengine."

Benchi la Mwalimu Shekigenda lilikuwa karibu na mlango ule, na masikio yake yalikuwa mazima. Eliwaza alipopita, mzee alimwita akae naye.

"Sikukuuliza kilichokuleta," mzee akasema.

"Hukuniuliza, Mwalimu. Na mimi niliketi nilipoambiwa niketi."

"Aliyekwambia uketi ni mimi."

Eliwaza akakaa naye tu mpaka ndugu wa mzee walipokuja kumchukua.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya kwa Hisani. Wengine walimlaumu Mhando kwa kutomwacha mtu amalize sentensi. Wengine wakasema nesi angepiga kelele tangu mlangoni, na Mhando akawajibu kwamba kweli, angepiga kelele, nao wangempigia makofi. Baada ya hapo Mhando hakuonekana mikutanoni. Watu wakaanza kutokuja. Mtaalamu wa lishe alipofanikiwa kufika safari nyingine, alihutubia viti zaidi kuliko watu. Ilionekana klabu itakufa, na pamoja nayo ile desturi ya kutoa damu, maana mtu haoni raha kukumbuka kitu kinachomwaibisha.

Ndipo mwenyekiti akapendekeza mgeni wa Alhamisi inayofuata awe Mwantumu.

Waliogopa. Kuna waliosema atakuja kuwalaani, na kwamba laana ya mama aliyekatwa kizazi si ya kuitafuta kwa mwaliko. Lakini siku ilipofika ukumbi ulijaa, kwa sababu hakuna aliyetaka kulaaniwa akiwa hayupo. Hata Mhando alikuja, akaketi nyuma kabisa. Mwantumu aliingia pamoja na Nesi Eliwaza, mtoto mgongoni, amekonda, amevaa gauni lake la sikukuu. Hakuvikwa shada, hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumvika. Mwalimu Shekigenda akasimama, karatasi mkononi, akaanza kama alivyozoea kuanza, kwamba mgeni wetu alizaliwa hapahapa Kwembago.

"Samahani, Mwalimu," Mwantumu akasema. "Jina langu mnalijua, mnalila kila siku kwenye mchuzi. Nina neno."

Mwalimu akaikunja karatasi, akaketi.

Mwantumu alimfungua mtoto, akampakata. Alisema yeye alizaliwa peke yake, akakua akicheza na kivuli chake, akamwonea wivu kila mtoto aliyegombana na nduguye. Aliapa kwamba wa kwake hatakua hivyo. Alitaka nyumba yenye kelele. Watu wengi walikuwa wakitazama sakafu.

"Sikuja kulaumu," akasema. "Nikimlaumu fundi, nitamlaumu kwa pumzi aliyonipa mwenyewe. Nikimlaumu Mama Senkoro, ni damu yake inayopanda usoni mwangu nikikasirika. Mlinichelewesha, na mliniokoa, na ni watu walewale. Sijui niwaweke wapi. Kwa hiyo nimekuja kuomba. Msiache kutoa damu kwa sababu yangu. Na mgeni akija mlangoni kwenu, hata awe na matope, hata mdhani mnamjua, mwulizeni neno kabla ya jina. Jina linaweza kungoja. Neno huenda limekimbia njia nzima."

Hakuna aliyepiga makofi. Mhando alisimama kule nyuma, akaja mbele polepole, akainyosha mikono yake, na Mwantumu akampa mtoto ambebe.

Tangu siku ile, aliyepokea wageni mlangoni pa Hisani aliuliza kwanza, "Umekuja na neno gani?" Wageni wengi hawakuwa na neno ila njaa ya safari, wakacheka, wakaingia. Hospitali nayo ikaiga: mama akifikishwa, aliulizwa anaumwa nini ndipo aulizwe anaitwa nani. Maneno ya Mwantumu yakashuka sokoni, yakaingia majumbani, yakafupishwa na midomo ya watu mpaka yakawa methali.

Hapo Bi Kihiyo akaishia. Msichana mmoja akauliza kuhusu yule mtoto, kama kweli alikua peke yake.

"Nyumbani kwao, ndiyo," Bi Kihiyo akasema. "Lakini watoto wa Mhando walimwita dada, na wa Senkoro walimwita dada, wakisema damu ni moja. Shuleni alikuwa na kaka wengi wa kumpigania kuliko msichana yeyote wa mji huu. Mama yake alikuwa akilalamika kwamba nyumba ina kelele."

Akachomoa sindano, akautafuta uzi. Kisha akaisema tena methali ile, na safari hii hakuna aliyeuliza maana yake: mgeni mwulize neno kabla ya jina.